Ugumu wa Petersburg si Kiingereza Chako: Niliyojifunza kwa Kuisoma Riwaya ya Andrei Bely

Naandika haya kwa ajili ya msomaji aliyejifunza Kiingereza darasani, anayekisoma bila taabu katika magazeti na nyaraka za kazi, ambaye siku moja ataifungua riwaya ya Petersburg ya Andrei Bely na baada ya kurasa kumi ataifunga akiamini kwamba lugha imemshinda. Mimi nimeifikisha mwisho, tena katika tafsiri mbili, na ninalotaka kumwambia msomaji huyo ni kwamba sehemu kubwa ya ugumu anaoukuta haitokani na Kiingereza chake. Unatokana na nakala aliyoishika, na mambo ya Urusi ya mwaka 1905 ambayo mwandishi anayataja bila kuyaeleza, na namna mwandishi huyo alivyoamua kuandika. Anayeyachanganya yote hayo na kuyaita "lugha ngumu" atabaki na kamusi mkononi akitafuta maana za maneno ambayo tayari anayajua.

Nilivutwa na kauli ya Vladimir Nabokov, ambaye alipohojiwa mwaka 1965 aliitaja Petersburg miongoni mwa kazi nne kuu za nathari za karne ya 20, pamoja na Ulysses ya James Joyce, hadithi ya Kafka ya mtu anayeamka akiwa mdudu, na nusu ya kwanza ya riwaya ndefu ya Marcel Proust. Majina matatu niliyajua. Bely sikuwahi kumsikia. Jina lake la kuzaliwa ni Boris Nikolaevich Bugaev. Alizaliwa Moscow mwaka 1880, baba yake alikuwa profesa wa hisabati, na yeye alijulikana kwanza kwa mashairi. Alifariki mwaka 1934. Katika maduka ya vitabu niliyoyapitia Dar es Salaam sikukipata kitabu chake, kwa hiyo nilikiagiza Uingereza, na gharama ya kukisafirisha ikazidi bei ya kitabu chenyewe. Rafiki yangu niliyesoma naye sekondari, ambaye sasa anafanya kazi Muscat, alinunua nakala iliyokwisha kutumika. Tulikubaliana tusome sura kwa sura na kuzungumza kwa simu kila tukimaliza moja.

Mazungumzo yetu ya mwanzo yalitutia mashaka. Mwenzangu alikuwa akimaliza sura kwa haraka ambayo sikuielewa, kwa sababu namfahamu kuwa ni msomaji mtaratibu kuliko mimi. Nilipomtajia kifungu kilichonigusa, mara nyingine alisema hakukiona, na mimi nikadhani ameruka. Yeye naye akaanza kudhani kwamba nasimulia mambo ya kitabu kingine. Tuliendelea hivyo hadi aliporudi kwenye utangulizi wa watafsiri wake na kunisomea historia ya maandishi yenyewe, ndipo tukatambua kwamba tulikuwa na vitabu viwili tofauti chini ya jina moja.

Historia hiyo inafaa ijulikane kabla mtu hajatoa fedha zake. Bely aliianza riwaya hii mwaka 1911. Jarida lililokuwa limeiomba liliikataa mwaka 1912, baada ya mhariri wake, Pyotr Struve, kuisoma na kutoridhika kabisa. Ikatoka kwa sehemu katika vitabu vya mkusanyo vya shirika la uchapishaji la Sirin, mwaka 1913 na 1914, kisha ikawa kitabu kamili mwaka 1916. Baada ya mapinduzi ya mwaka 1917, akiwa Berlin, Bely aliikata mwenyewe kwa kiasi cha theluthi moja, na toleo hilo fupi likachapishwa huko mwaka 1922. Sasa tazama tafsiri za Kiingereza: ya John Cournos ya mwaka 1959 na ya Robert Maguire na John Malmstad ya mwaka 1978 zinatokana na toleo fupi la Berlin, ilhali ya David McDuff ya mwaka 1995 na ya John Elsworth ya mwaka 2009 zinafuata lile refu la 1916. Rafiki yangu alikuwa na Maguire na Malmstad. Mimi nilikuwa na McDuff.

Kwa hiyo, kabla ya kununua, angalia jina la mfasiri na usome utangulizi wake kwanza, hata kama huwa unaziruka kurasa hizo. Toleo fupi lina kasi, na lile la mwaka 1978 lina jambo moja ambalo kwangu lina thamani kubwa mno, nalo ni maelezo mengi ya mwisho yanayofafanua mitaa, majengo, nyimbo, watu na matukio. Toleo refu linachosha zaidi, lakini watu wake wana nafasi ya kupumua, na mambo mengi ambayo katika toleo fupi yanatokea kama radi, huku yana chanzo. Kama uwezo wa kununua ni wa kitabu kimoja tu, ningechagua refu. Kama mna watu wawili wa kusoma pamoja, kila mmoja anunue tofauti na mwenzake, na mwenye maelezo ya mwisho amsomee asiye nayo. Sisi iliangukia hivyo bila kupanga, na bila hivyo sidhani kama tungefika mwisho.

Majina ndiyo yaliyofuata kututaabisha, ingawa kwa muda mfupi. Warusi humwita mtu kwa jina lake na jina la baba yake, bila kutaja ukoo, kwa hiyo Nikolai Apollonovich ni Nikolai bin Apollon, na baba yake, Apollon Apollonovich, ni mtoto wa Apollon mwingine. Anayetoka mahali ambapo watu huitwa fulani bin fulani hana sababu ya kuogopa mfumo huu. Andika tu majina yote katika karatasi moja na uiweke ndani ya kitabu, pamoja na majina ya utani, maana mtu mmoja anaweza kuwa na matatu au manne. Ukoo wao ni Ableukhov, na Bely anatueleza kwamba asili yake ni Mirza mmoja wa nyika za Asia aliyeitwa Ab-Lai, aliyebatizwa alipoingia katika utumishi wa Urusi. Usiipite habari hiyo haraka, kwa sababu riwaya nzima imejengwa juu ya hofu ya mzee Apollon, anayelinda Ulaya ilhali damu yake ni ya Asia.

Tulipofika sura ya pili tuliona kwamba hatuwezi kuendelea bila kujua mwaka 1905 ulikuwa na nini. Hadithi inatokea katika siku chache za vuli ya mwaka huo, kwa kalenda ya zamani ya Urusi iliyokuwa nyuma ya yetu kwa siku 13, na kila ukurasa unadhani wewe ulikuwapo. Mwezi Januari askari walikuwa wamewapiga risasi wafanyakazi waliokwenda kumpelekea mfalme ombi lao katika jiji lilelile la St. Petersburg. Mwezi Mei manowari za Urusi ziliangamizwa na Wajapani huko Tsushima. Na hapa niliweka kitabu chini, kwa sababu nilikumbuka kwamba kundi hilo la manowari lilipita katika bahari yetu ya Hindi, likatia nanga kwa wiki nyingi Nosy Be, kaskazini-magharibi ya Madagaska, kabla ya kwenda kufia mashariki. Ilinisaidia pia kukumbuka kwamba katika mwaka huohuo vita vya Majimaji vilikuwa vimewaka kusini mwa nchi yetu. Ghafla mwaka 1905 ukaacha kuwa wa watu wa mbali.

Lililo muhimu zaidi kwa mwenendo wa hadithi ni mabomu. Julai 1904 waziri wa mambo ya ndani, Vyacheslav Plehve, aliuawa kwa bomu lililotupwa kwenye gari lake la farasi. Marehemu rafiki ambaye mzee Ableukhov anamkumbuka kila mara ana jina hilohilo la kwanza, na wasomaji wa wakati ule hawakuhitaji kuelezwa. Chama kilichopanga mauaji hayo kilikuwa na kiongozi wa siri, Yevno Azef, ambaye baadaye ilifichuka kwamba muda wote alikuwa pia akilipwa na polisi. Ukishamjua Azef, utamwelewa Lippanchenko, mtu mnene na mjanja ambaye katika riwaya anawatumia vijana wa mapinduzi kwa makusudi wasiyoyajua. Tulisoma habari za watu hao wawili kwa jioni moja tu, na sura zilizokuwa zimetushinda zikafunguka.

Ushauri wangu unaoweza kuwaudhi wengine ni huu: jua kisa chote kabla ya kuanza. Riwaya hii haipotezi chochote kwa msomaji anayejua mwisho wake, kwa sababu nguvu yake haiko katika fumbo. Kijana Nikolai, mwanafunzi wa falsafa anayemsoma Kant, amewahi katika saa ya uchungu wa mapenzi kutoa ahadi ya ovyo kwa kikundi cha siri. Sasa anakabidhiwa kifurushi akihifadhi. Ndani yake mna kopo la dagaa, na ndani ya kopo mna bomu lenye saa. Kisha barua inamjia kwamba anayepaswa kuuawa kwa bomu hilo ni baba yake, seneta mwenye umri wa miaka 68, mkuu wa idara kubwa ya serikali. Nikolai analitega kwa mkono wake mwenyewe, na tangu hapo zimebaki saa 24. Anapotaka kuliondoa, halipo, kwa maana baba yake aliingia chumbani, akaliona kopo lile la ajabu na kulichukua bila kujua ni kitu gani.

Hapo ndipo nilipokaa kwa muda mrefu kuliko mahali pengine. Waandishi wa maelezo ya vitabu husema kwamba Petersburg ni riwaya ya jiji, na ni kweli jiji hilo la ukungu na mistari iliyonyooka limo katika kila sura. Lakini kilichonishika moyo ni baba na mwana wanaokaa katika nyumba moja yenye marumaru na watumishi, wanaokula meza moja, wasioweza kuzungumza. Mzee ana tabia ya kutoa mizaha ya kitoto kwa sababu hajui njia nyingine ya kumkaribia mwanawe. Kijana anajibu kwa adabu na kuona haya kwa niaba ya wote wawili. Kila mmoja akiwa peke yake anamkumbuka mwenzake kwa upendo, na wakikutana ukumbini upendo huo unageuka baridi. Mke wa seneta, Anna Petrovna, alikwishawaacha na kwenda Hispania na mwimbaji, na hakuna anayemtaja. Nimelelewa na baba mtumishi wa serikali aliyezungumza nasi kwa maneno machache, mtu mwema ambaye wema wake tulilazimika kuubashiri, na kuna jioni nilizoshindwa kuendelea kusoma. Bomu linapolipuka halimuui mtu. Lakini mzee anaona uso wa mwanawe akija mbio, anaelewa vibaya, na anamkimbia na kwenda kujifungia. Bely angeweza kumuua seneta na kitabu kingekuwa chepesi zaidi kukibeba. Alichagua baba aishi akiamini kwamba mwanawe alitaka kumuua, na mwana asiweze kusema kwamba si kweli kabisa.

Kuhusu mtindo, jambo lililonisaidia kuliko yote ni kusoma kwa sauti. Bely alikuwa mshairi, na nathari yake katika Kirusi ina mapigo ya kishairi, mara nyingi silabi mbili hafifu zikifuatwa na moja nzito, kwa kurasa nyingi mfululizo. Kiingereza hakiwezi kuubeba mdundo huo wote, lakini hakiuachi kabisa. Sentensi iliyoonekana imevunjika machoni, yenye vistari, nukta nyingi na aya inayoanzia katikati ya ukurasa, ilisimama wima nilipoisoma kwa mdomo. Sauti zenyewe ni sehemu ya hadithi, kwa kuwa mwezi huo wa Oktoba watu wanasikia katika viunga vya jiji mlio wa "uuu" usiojulikana unakotoka, na mlio huo unarudi tena na tena kama tishio. Mtu aliyezoea kusikiliza utenzi ukisomwa kwa mahadhi ana sikio linalofaa kazi hii. Alitumie, asilione kuwa ni la mashairi tu.

Ukikutana na maneno yaleyale yanayojirudia, usidhani umerudia ukurasa. Bely anarudia kwa makusudi: masikio makubwa ya seneta, gari lake jeusi kama mchemraba, joho jekundu na kinyago ambavyo Nikolai anavaa kwenda kumtisha Sofia Petrovna Likhutina, mwanamke aliyemkataa. Vilevile mwandishi anakuambia waziwazi kwamba watu hawa wametoka katika ubongo wake, kisha kwamba fikra za seneta nazo zinatoka kichwani mwake na kutembea mitaani zikiwa watu. Mara ya kwanza nilisoma mambo hayo kama kejeli. Rafiki yangu ndiye aliyesema kwamba tuyachukue kama yalivyo: katika jiji hili wazo likishafikiriwa haliwezi kurudishwa, kama bomu lililokwisha kutegwa. Tangu alipolisema hilo sikuhitaji tena kusimama na kujiuliza kama jambo fulani "limetokea kweli".

Sura ya tano na ya sita ndizo zinazowavunja wasomaji wengi, na sisi zilituchosha kiasi cha kuacha simu zetu kwa muda. Aleksandr Ivanovich Dudkin, mwanamapinduzi aliyetoroka uhamishoni Yakutsk akiwa ndani ya pipa la kabichi, anaishi katika chumba cha juu kwenye kisiwa cha Vasilievsky, halali, anakunywa, na anatembelewa na Mwajemi ambaye hatimaye anageuka sauti inayotoka kooni mwa Dudkin mwenyewe. Kisha Mpanda Farasi wa Shaba, ile sanamu ya Petro Mkuu iliyotengenezwa na Falconet na kuzinduliwa mwaka 1782, anapanda ngazi kwa kishindo, anaingia chumbani, na kumiminika ndani ya mishipa yake kama madini yaliyoyeyuka. Bila maandalizi, kurasa hizi ni wazimu mtupu. Maandalizi yake ni shairi la Pushkin la mwaka 1833 kuhusu sanamu hiyohiyo, ambalo unaweza kulimaliza kwa muda usiofika saa moja. Linamhusu karani maskini, Evgeny, ambaye mchumba wake anafia katika mafuriko ya mwaka 1824. Anaitishia ngumi sanamu ya mfalme aliyejenga jiji mahali pa maji, na sanamu inashuka na kumfukuza usiku kucha. Dudkin ni Evgeny wa pili, ila huyu hakimbii tena. Anakwenda kununua mkasi, na kumuua nao Lippanchenko. Bely mwenyewe ameweka beti za Pushkin mwanzoni mwa karibu kila sura, kwa hiyo anayeanza na shairi hilo anafuata njia aliyoonyeshwa na mwandishi.

Kuna jambo jingine ambalo msomaji wa kwetu atalihisi, na sipendi kulifunika. Hofu ya Asia imeenea katika kitabu hiki. Wakati ule wa vita na Japani waandishi wengi wa Urusi waliamini kwamba watu wa mashariki wangekuja kuifunika nchi yao, na Bely alilibeba wazo hilo hadi katika nyuso za watu wake; Lippanchenko amechorwa kwa sura ya Kimongolia kana kwamba sura ni ushahidi wa uovu. Niliudhika, na nilimwambia rafiki yangu kwamba ningeacha. Sikuacha, kwa sababu kitabu chenyewe kinaipinga hofu hiyo kutoka ndani. Wanaoiogopa Asia zaidi ndio wenye asili yake, na unyoofu wa mistari ambao seneta anautukuza kama wa Ulaya, Nikolai anauona katika ndoto kuwa ni kazi ya mababu zake wa nyika. Hilo halifuti nilichoudhika nacho. Msomaji ajue kwamba atakutana nalo, na aamue mwenyewe.

Tena kuna hitimisho la kitabu, kurasa chache baada ya sura ya nane, ambazo wengine huziruka kwa kuwa bomu limekwisha kulipuka. Zinatokea Afrika. Nikolai amekaa pwani ya Tunisia amevaa kanzu ya huko na kofia nyekundu, kisha yuko Misri, anasoma maandishi ya kale ya mazishi na kukaa mbele ya Sphinx, na Kant amesahauliwa. Bely hakuyatunga mambo haya kutoka vitabuni: mwishoni mwa mwaka 1910 aliondoka Urusi pamoja na mwenzi wake, Asya Turgeneva, wakakaa katika kijiji cha Radès karibu na Tunis, wakapita Misri na Palestina, na miezi michache tu baada ya kurudi ndipo alipoanza kuiandika Petersburg. Nikolai anarudi kwao baada ya wazazi wake wote wawili kufa, na hajasema na baba yake. Mimi nilipozifikia kurasa hizo nilikuwa tayari nimeambiwa na watu waliomaliza kabla yangu kwamba si za lazima. Nasema kinyume chao: zisome zote, tena kwa mwendo uleule wa polepole, kwa sababu ni humo tu ambamo unaona alichofanya Nikolai na miaka aliyobakiwa nayo.